Mume anataka tuuze shamba tuhamie Tabora mjini, nami nasita

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 36, naishi kijiji kimoja cha wilaya ya Urambo. Mume wangu yuko Tabora mjini mwaka wa pili sasa, anaendesha bodaboda ya hesabu. Ameniambia tuuze shamba letu, ekari tano pamoja na bani la kukaushia tumbaku, tulipe deni la tumbaku, na kinachobaki tukipangie vyumba viwili huko huko mjini, mtaa wa Ng'ambo. Mnunuzi yupo. Anatoa Sh 2,500,000 na anataka jibu kabla ya mwezi wa nane ili awahi vitalu vya tumbaku.

Tumbaku tunalima ekari mbili, pembejeo tunakopa kupitia chama chetu cha msingi. Mwaka jana baada ya makato yote tulibakiwa na Sh 410,000 za kula mwaka mzima. Msimu huu hata hizo hatukuziona. Nilichoma bani peke yangu na watoto, kuni zikaisha jani likiwa katikati, mteuzi, yule anayepanga madaraja sokoni, akashusha daraja karibu mitumba yote, yaani marobota yetu ya tumbaku. Wenzetu wawili wa kikundi tulichokopa nacho pamoja walipeleka tumbaku yao kwa wanunuzi wa vishada, wale wa nje ya chama, deni lao likaangukia kwetu tuliobaki. Sasa tunadaiwa Sh 640,000.

Mahindi nililima ekari moja na nusu. Mwaka jana niliuza gunia nne mwezi wa sita kwa Sh 45,000 kila moja, nikanunua sare za shule na kumlipa fundi wa paa. Januari nikanunua debe kwa Sh 18,000. Mengine yaliliwa na dumuzi ghalani. Tuliishi kwa michembe ya viazi na mboga za kukausha mpaka mahindi mabichi yakatoka. Mwaka huu Mungu amejalia, nimepata gunia 11 za debe sita sita, bado ziko kwenye magunzi.

Mume anasema huko hela unaishika kila siku. Siku nzuri anapata Sh 22,000. Hesabu ya mwenye pikipiki ni Sh 8,000, mafuta Sh 7,000. Siku ya mvua anapata Sh 10,000 na hesabu iko palepale. Anatutumia Sh 60,000 kwa mwezi, mwezi mwingine hakuna. Vyumba alivyoviona ni Sh 25,000 kila kimoja, kodi ya miezi mitatu mbele. Anasema mimi nitapika chapati.

Huku hatuna kitu, dada. Mtoto wangu wa kwanza yuko kidato cha pili, anatembea kilomita saba kwenda na saba kurudi. Kuni nazifuata mbali kuliko zamani. Mtoto akipata homa usiku tunangoja kukuche. Lakini hapa ninalala kwangu. Mama mkwe ana miaka 71, yuko kwenye mpango wa TASAF wa ruzuku kwa kaya maskini, hataki kusikia habari ya kuhama. Na majirani wameanza kuniuliza kama nina hakika mume analala peke yake.

Nieleze wewe unayejua haya mambo: umaskini wa wapi una nafuu, wa huku au wa mjini?

Mama Wanne, Urambo

---

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako imebeba mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. Liko deni. Iko nyumba iliyogawanyika, baba huku na mama kule. Na liko shamba. Mumeo ameona njia moja inayomaliza yote kwa pigo moja, na simlaumu, maana mtu anayekimbizana na hesabu ya Sh 8,000 kila jioni hutamani sana jambo litakaloisha mara moja. Ninachokuomba ni tulifungue furushi hilo kabla ya kulipeleka sokoni, kwa sababu deni linalipika na nyumba inaweza kuungana tena, lakini shamba likishauzwa halirudi.

Umeuliza umaskini wa wapi una nafuu. Ukiuliza takwimu zitamuunga mkono mumeo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulikuta watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 31.3 vijijini Tanzania Bara, na asilimia 15.8 mijini. Mstari wenyewe ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Lakini asilimia ile ya mjini imechanganya mwalimu, mwenye duka, fundi mwenye wateja wa miaka kumi na mpangaji aliyeshuka basi jana. Familia inayofika bila kazi iliyoshikika haianzii katikati ya mji, inaanzia chini kabisa.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Kijijini shida inakuja kwa majira. Unajua kabisa kwamba Januari na Februari ni kugumu, na kosa la mwezi wa sita unalilipa miezi saba baadaye. Mjini shida inakuja kila asubuhi, na kosa la leo unalilipa leo jioni. Kijijini unakosa pesa ilhali chakula kipo ghalani, mjini pesa inapita mkononi na ghala huna. Kwa hiyo mumeo hasemi uongo anaposema hela anaishika kila siku. Swali ni inakaa mkononi kwa saa ngapi.

Tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe. Mtakuwa watu sita. Unga kilo mbili na nusu kwa siku, tukisema Sh 1,400 kwa kilo, ni Sh 3,500. Dagaa na mboga Sh 1,500. Mafuta ya kupima, chumvi, nyanya na kitunguu Sh 700. Mkaa wa kopo Sh 1,000. Maji madumu sita kwa Sh 100 ni Sh 600. Sabuni na umeme Sh 500. Hapo ni Sh 7,800, na kodi ukiigawa kwa siku ni kama Sh 1,700. Jumla Sh 9,500, bila sukari, bila daftari, bila dawa, na bila sahani ya mchana anayokula baba kijiweni. Bei za mtaa anazijua yeye vizuri kuliko mimi, mwambie azisahihishe moja moja.

Sasa pato. Siku nzuri inabaki Sh 7,000. Akifanya kazi siku 26 na zote ziwe nzuri, ni Sh 182,000. Matumizi ya siku 30 ni Sh 285,000, maana tumbo halina Jumapili. Pengo ni Sh 103,000 kwa mwezi. Shamba mkiliuza Sh 2,500,000, mkalipa deni, zitabaki Sh 1,860,000. Gawanya kwa hilo pengo: miezi 18. Ekari tano na bani vitakuwa vimeliwa kama ugali kwa mwaka mmoja na nusu, na hapo hatujamuuguza mtu.

Chapati zako ndizo zinazotegemewa kuziba hilo pengo, yaani karibu Sh 4,000 kila siku ya kazi. Zinaweza. Kilo mbili za ngano hutoa kama chapati 22. Ukiuza Sh 500 ni Sh 11,000. Toa ngano Sh 4,000, mafuta Sh 1,000, mkaa Sh 700, inabaki Sh 5,300. Lakini zikilala sita tu, faida inashuka hadi Sh 2,300, na mgeni wa mtaa ndiye anayelaliwa nazo, kwa sababu kila kona ina mama mwenye wateja wake na daftari la wadeni. Miezi miwili mitatu ya mwanzo usiitegemee. Ni katika miezi hiyo ndipo watu wa mikopo ya kausha damu hugonga hodi, wanakupa Sh 100,000 leo na kesho asubuhi wanaanza kudai marejesho. Familia nyingi zilizohama hazikuangushwa na kodi, ziliangushwa na mkopo wa kuziba siku moja mbaya.

Kuna jambo jingine la mjini lisiloonekana mpaka uishi nalo: maskini ananunua kwa bei kubwa kuliko tajiri. Mwenye pesa ananunua mkaa wa gunia na mafuta ya dumu. Asiye nayo anapima kopo na kibaba, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa moto uleule. Kodi ya miezi mitatu mbele nayo ni hivyo, inamezwa siku ya kwanza, na mwezi wa nne unafika kabla hujajipanga.

Umeandika "huku hatuna kitu". Niruhusu nikubishie kidogo. Una gunia 11, yaani debe 66. Debe moja lina kama kilo 18, na nyumba yako inakula debe kwa wiki. Kwa mwaka mtahitaji debe 52. Una debe 14 za ziada. Mwaka jana uliuza debe 24 ukapata Sh 180,000, na Sh 180,000 hizohizo Januari zilirudisha debe 10 tu. Debe 14 zilizoyeyuka njiani ni nyingi sawa na ziada yako yote ya mwaka huu. Hakuna aliyekuibia. Uliuza wakati kila mtu anauza, kwa sababu sare na fundi vilikuja siku ambayo hukuwa na kingine cha kuuza. Ikiwa bei zitakwenda kama mwaka jana, debe 14 za ziada ukiziuza sasa ni Sh 105,000, ukiziuza Januari ni Sh 252,000.

Ila zifike Januari zikiwa nzima, na hapo ndipo dumuzi anapokuja. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na Afrika Mashariki aliingilia huko huko kwenu mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo usione ajabu akikujua. Anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi. Yapukuchue, uyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kupima ukavu, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, bado mabichi. Yakishakauka yaweke kwenye mifuko ya tabaka tatu inayouzwa maduka ya pembejeo. Jaza mfuko wa ndani kabisa ukishindilia, toa hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha wa nje, kila mmoja na fundo lake. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, huhitaji dawa. Inayoharibu ni haraka: mahindi yenye unyevu huota ukungu humo ndani, na tundu moja la panya linarudisha hewa yote. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na usifungue fungue kuchungulia. Mfuko mmoja bei yake ni ndogo kuliko debe moja la Januari.

Hata hivyo sitaki nikupambie kijiji. Kuni unazoziita za bure unazilipa kwa mgongo na kwa nusu siku yako. Kilomita 14 za mtoto kila siku ni saa tatu zilizotoka kwenye kusoma. Homa inayongoja kukuche ni hatari ya kweli, na mjini hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ipo hapohapo usiku na mchana. Haya mumeo akiyasema, msikilize, ana haki nayo.

Kuhusu deni, kabla ya kuzungumza kuuza chochote, nenda ofisi ya chama ukaombe taarifa ya akaunti yenu kwa maandishi. Iwe na uzito na daraja la kila mtumba, bei yake, na kiwango cha kubadilishia fedha kama imepangwa kwa dola, gharama ya kila pembejeo mliyochukua, na makato ya wajibu wa pamoja, yaani ya madeni ya wenzenu, yakiwa yameandikwa peke yake. Linganisha na stakabadhi zako. Nataka uone kiasi gani cha zile Sh 640,000 ni chenu na kiasi gani ni cha wale wawili wa vishada, kwa sababu sehemu hiyo ya pili una haki ya kuuliza chama kinawafuatiliaje. Kisha uliza kama deni linaweza kugawanywa misimu miwili. Hatari yake uijue mapema: chama kitataka lilipwe kwa tumbaku ijayo, yaani mwaka mwingine wa bani. Ukikubali, usilichome peke yako tena. Kuni zipangwe zote kando ya bani kabla moto haujawashwa, maana moto ukifa katikati au ukipandishwa jani halijageuka njano, daraja limeshakwenda, na hakuna ufundi wa kulirudisha mezani kwa mteuzi.

Shamba nalo lina sheria. Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiuzwi bila ridhaa yako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na ardhi mliyoiendeleza pamoja una haki nayo hata kama jina ni lake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mauzo yanapitia halmashauri ya kijiji, na mnunuzi akiwa si mwanakijiji inabidi waridhie. Karatasi iliyosainiwa kwa mashahidi wawili chini ya mwembe, bila muhtasari wa halmashauri, huja kuwa kesi. Nakuambia haya ujue kwamba sauti yako inahesabika, si ili ukamfungulie mumeo mlango wa ugomvi.

Kati ya kuuza na kubaki mna njia nyingine ambazo hamjazitazama. Kukodisha ekari mbili au tatu kwa msimu, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, huleta pesa kidogo kuliko kuuza lakini mwakani shamba ni lenu. Ubaya wake ni aliyekodi akikamua udongo au akikataa kutoka, ndiyo maana muda na mipaka viandikwe. Mumeo anaweza kurudi Novemba mpaka Januari, wakati mvua zimeshika na siku za bodaboda ni za Sh 10,000, mkalima wote wawili, kisha akarudi mjini kiangazi. Kwake hatari ni kupoteza pikipiki ya watu, na hilo linahitaji kupatana na mwenye chombo mapema. Au mhame kweli, shamba likiwa limekodishwa, nanyi mkaenda na gunia tatu nne za mahindi yenu ili pengo la unga lisiwepo miezi ya mwanzo. Hata hivyo kijana wa kidato cha pili asihamishwe sasa. Ana mtihani wa upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, amesajiliwa hapo, na shule mpya katikati ya mwaka itamkata mguu. Mpaka amalize abaki na bibi yake, ambaye naye hapaswi kuondoka bila kuuliza: jina lake TASAF limo kwenye orodha ya kijiji hicho, na akihama bila kutoa taarifa ruzuku inaweza kukatika.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halitakugharimu shamba. Likizo ya mwezi huu wa sita, nenda na wadogo mkakae naye wiki nne katika chumba anachoishi sasa. Beba unga. Nunua daftari, uandike kila shilingi inayoingia na kutoka, hata ya kiberiti. Pika chapati kilo moja tu kwa siku uone zinalala ngapi. Uliza wanawake wa mtaa kuhusu vikoba vyao, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu huipati peke yako, unaipata ukiwa ndani ya kikundi kilichosajiliwa, na mgeni hakaribishwi kikundini siku ya kwanza. Kumbuka tu kwamba wiki hizo ni za kiangazi, mji utakuonyesha sura yake njema. Siku ya mvua ya Januari utaipigia hesabu kichwani.

Safari hiyo itajibu pia lile la majirani bila wewe kuuliza kama polisi. Miaka miwili mbalimbali ni mingi. Inawezekana anachokisema kwa lugha ya kuuza shamba ni kwamba amechoka kurudi kwenye chumba kisicho na mtu. Inawezekana pia mna mambo ya kuambiana na ya kupimana afya, na mambo hayo hayatamalizwa na vyumba viwili vya Ng'ambo wala na ekari tano za Urambo. Mkae usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa na watoto wamelala, umwambie unavyoogopa, naye akuambie anachoogopa. Unaweza kukuta hofu zenu ni moja.

Mnunuzi amewapa mpaka mwezi wa nane. Likizo inaisha kabla ya hapo. Ukirudi na daftari na ile karatasi ya chama, niandikie namba zilizotoka, tuzisome pamoja. Na kwa leo, kabla ya safari, anza na yale magunzi.